Jini Huulizwa Jina

Mlango wa nyumba ya Kiswahili una lugha yake. Anayefika husimama nje ya kizingiti, akapaza sauti ya hodi, akangoja. Wa ndani huuliza "nani?", na mgeni hujitaja kwa jina lake na la baba yake, au kwa mtaa anaotoka, ndipo aambiwe karibu. Hodi haizidi tatu. Sura ya An-Nur imewafunza Waislamu wasiingie nyumba za watu mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Na mafunzo ya Mtume yakaweka kikomo cha mara tatu. Mchana ada hii hupita bila ya mtu kuifikiri. Uzito wake hujulikana usiku. Aliyelala akasikia mlango unasukumwa pasi na sauti ya mtu, moyo humwenda mbio, kwani kiumbe asiyetaka kujitaja hadhaniwi ila moja ya mambo mawili: ni mwizi, au si mtu.

Iko na ada ya pili, ambayo kwa juu juu huonekana kuipinga ile ya kwanza. Watoto wengi wa pwani huonywa na bibi zao wasiitike wakisikia jina lao likiitwa nje usiku, hadi liitwe tena na tena na sauti ijulikane kuwa ni ya nani. Mlangoni, mgeni hudaiwa jina. Gizani, mwenyeji hulizuia lake. Ada zote mbili zinalinda kitu kimoja, nacho ni kwamba watu wasikutane mpaka kila mmoja amjue mwenziwe ni nani. Na ndani yake mna swali ambalo halizungumzwi sana katika barza: mwenye kuogopa ana wajibu gani kwa yule anayemtisha?

Mazungumzo juu ya mizuka aghalabu huanza na kuishia katika suala jingine, wapo au hawapo. Suala hilo lina wenyewe. Sheikh ana jawabu lake, daktari ana lake, na aliyekutana na kitu chini ya mbuyu saa nane za usiku ana lake ambalo halitikisiki kwa hoja ya yeyote. Na liachwe hapo. Jini haonekani kwa macho ya kila mtu, lakini anachokitenda mwanadamu kwa sababu ya kumwogopa jini huonekana mchana kweupe, na wakati mwingine huchimbiwa kaburi.

Inafaa kwanza kuutazama upole wa watu wa visiwa hivi kwa mashetani wao, kwani upole huo haujapata kusifiwa vya kutosha. Katika kilinge cha Unguja pepo ni mgeni mwenye kwao. Ruhani katoka Uarabuni, hupenda usafi na manukato. Habeshi katoka Uhabeshi. Kibuki katoka Buki, ndiko Madagaska. Ni Mkristo, na hutaka brandi yake, naye hupokewa na watu walio Waislamu tangu babu na babu, ijapokuwa masheikh hawaliridhii jambo hilo. Rubamba ni wa Pemba. Kjersti Larsen, mtaalamu wa Kinorwe aliyeandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 2008, ameeleza kwa urefu jinsi mashetani wa Mji wa Zanzibar walivyogawika kwa makabila, kila kabila na asili yake na tabia zake. Ukiyapanga makabila hayo, huwa kama umepanga majina ya watu waliopata kutia nanga bandarini. Kila aliyekuja na pepo za kaskazi au kusi alishusha shehena yake, na nyuma yake akashuka na shetani wake.

Mtu akipandisha, fundi hamkimbilii kwa rungu. Chetezo hutiwa udi, ngoma hupigwa, na pepo huulizwa: u nani, watoka wapi, wataka nini? Akisema kwa lugha isiyofahamika hutafutwa wa kumfasiria. Akidai kitambaa chekundu, pete ya fedha au chano cha vyakula avipendavyo, hupatana naye, bei ikapanda na kushuka kama sokoni. Baadhi yao hutakiwa waondoke, na wengi huachwa wakae kwa masharti. Na haya yote hufanyiwa kiumbe anayeaminika kuwa amemwingia mwanamke wa watu bila ya hodi, akamkalia kichwani, akamuuguza miezi. Kosa lake ni kubwa, na juu ya hivyo husikilizwa.

Wapo lakini wasioulizika. Jinamizi ni mmoja wao. Mtu huzindukana usiku, macho yamefumbuka na chumba akiona, ilhali mwili hausogei hata kidole. Kitu kizito kimemkalia kifuani, pumzi zimembana, na ukelele anaotaka kuupiga haupiti kooni. Wataalamu wa usingizi hueleza kwamba katika ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi ubongo huilegeza misuli ili mlalaji asizitende ndoto zake, na kwamba mara nyingine akili huamka kabla ya kifungo hicho kufunguliwa, ndoto ikamwagika chumbani. Maelezo haya ni ya kweli, wala hayampunguzii aliyekabwa hata chembe ya khofu yake. Watu wa Newfoundland, huko Kanada, husema ni bibi kizee anayewakalia. Wajapani huita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Mwanadamu hukabwa popote alipo. Kinachotofautiana ni yule anayemkuta amemkalia.

Mapema mwaka 1995, huko Pemba, kukabwa huku kulipewa jina la Popobawa, kwa kuwa kivuli chake kilisemwa kuwa ni kama bawa la popo. Wapo wazee waliosema aliwahi kuja miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi. Habari zake zikavuka hadi Unguja, kisha zikafika Dar es Salaam. Alisemwa kuwa huingia bila ya mlango, huwadhalilisha wanaume kwa wanawake, na humtaka aliyefikwa awatangazie wenziwe, ama sivyo atamrudia. Nyumba zikahamwa usiku. Watu wakalala nje, jamaa na majirani pamoja, wamezunguka moto, wengine wakisoma Qur'ani hadi alfajiri. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeifuatilia kadhia hiyo, ameonesha namna maelezo yake yalivyobadilika na kuingia siasa, kwani huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila upande haukukosa wa kumnyooshea kidole.

Waandishi wengi wa nje waliipokea habari ya Popobawa kwa kicheko. Kicheko hicho hakikuwa na haki. Kulala nje pamoja na majirani ni jawabu la busara kwa kitu kinachomshika mtu akiwa peke yake chumbani. Hata lile sharti la kutangaza lina hekima ndani yake: mwanamume aliyekuwa akiona haya kusema kwamba ameogopa alipata ruhusa ya kusema mbele ya watu. Kwa majuma kadhaa khofu ikawa ni mali ya mtaa mzima, ikagawanywa kama futari.

Kisha akauawa mtu. Mwaka huo huo, mjini Unguja, mwanamume mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka bara, alishambuliwa na umati uliodhani kuwa ndiye Popobawa, na akafa.

Hapa ndipo panapotaka kutazamwa kwa makini. Husemwa kwamba mtu yule aliuawa na imani za kishirikina, na wasemao hivyo hudhani wameshaeleza. Lakini imani yenyewe ilisemaje? Ilisema kwamba Popobawa ni kivuli, hupita bila ya kuonekana, na hubadilika umbo apendavyo. Dawa yake ilikuwa kisomo, hirizi, kukesha na kukaa pamoja. Haikusemwa popote kuwa kivuli hufa kwa panga. Waliompiga mgeni yule hawakuwa wakiifuata imani yao, waliivunja. Usiku ulikuwa umewachosha. Walikuwa wamekaa majuma mengi wakimngojea adui asiye na shingo, na lilipotokea lenye shingo, mikono haikungoja kuulizwa.

Na ni shingo ya nani iliyopatikana? Ya mtu asiyekuwa na ami wala jirani katika mji ule wa kusimama akasema, "Mwacheni, huyu ni fulani bin fulani." Tena mtu ambaye maradhi yake huenda yalimnyima uwezo wa kujitaja vizuri. Mitaa ya mji ina wagonjwa wake wa akili, na kila mmoja anajulikana. Watoto humtania, mama ntilie humpa chakula, na akipiga kelele usiku watu hugeuka ubavu wa pili wakasema ni yule. Ugonjwa peke yake haukumuua mgeni. Kilichomuua ni ugonjwa uliokosa jina la ukoo. Usilolijua ni usiku wa giza, husema wahenga, lakini methali hiyo haikusema kwamba gizani ndiko kwa kurusha mawe.

Si haki, hata hivyo, kuifanya khofu ya mgeni kuwa ni ujinga mtupu. Pwani hii ina sababu zake za kuogopa. Katika karne ya 19, msimu ulipoingia na majahazi ya kaskazini yakafunga bandarini, wazazi wa Unguja waliwafungia watoto ndani, kwa kuwa mabaharia walikuwa wakiwaiba watoto na watumwa wa watu kwenda kuwauza ng'ambo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa Zanzibar kisheria mwaka 1897. Vizazi vingi vilijua kwa macho yao kwamba mgeni mwenye tende mkononi huenda akawa na kamba kibindoni. Mwenye kuumwa na nyoka, akiona ukuti hushtuka. Na mjukuu wake pia hushtuka, ingawa nyoka hakumwona.

Kutokana na mshtuko huo wa kurithi likapata nguvu neno mumiani. Asili yake ni Kiajemi, na lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami iliyouzwa na maduka ya dawa za miti. Kisha likaingia wazo kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, na hatimaye jina la dawa likamshukia anayedhaniwa kuinyonya damu hiyo. Wakati wa ukoloni, Nairobi na Kampala, waliodhaniwa ni wazimamoto, na magari yao mekundu yakakimbiwa. Dar es Salaam kadhalika. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, aliwataka wasomaji wasizidharau hadithi hizo, kwani zilikuwa njia ya watu kuizungumza serikali iliyowachukulia nguvu zao na kodi zao bila ya kuwaeleza kwa nini. Ni hoja nzuri, na yafaa ikubaliwe. Ila hadithi inayosema kweli juu ya dola yaweza kumsemea uongo mtu aliyesimama mbele yako.

Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walivamiwa na kuuawa, na gari lao likachomwa moto. Ulikuwa umepigwa ukelele kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa watu waliokwenda kazini, mchana. Ukelele ule mmoja uliwatosha watu wengi mno kuwa ni ushahidi.

Wapenzi wa riwaya watakumbuka kwamba visiwa hivi vilishapata kufunzwa somo hili kwa njia ya burudani. Muhammed Said Abdulla, alipotoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, alimpeleka mpelelezi wake Bwana Msa penye mzimu ambao watu waliuogopa, na kifo kilichotokea hapo kilikuwa tayari kina maelezo mdomoni mwa kila mtu. Bwana Msa, na kiko chake, hakuingia katika ubishi wa kuwapo au kutokuwapo kwa mizimu. Alichotaka kujua ni nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Uzuri wa riwaya ile uko katika adabu ya maswali yake. Husomwa kama kisa cha upelelezi, na ndivyo kilivyo, lakini ni kisa pia juu ya jinsi khofu ya wengi inavyoweza kuwa joho la mtu mmoja mwenye dhamira yake.

Yuko atakayeuliza: je, mwenye kuogopa naye hana haki? Msichana anayerudi kutoka darasa la jioni, akasikia nyayo nyuma yake kwenye uchochoro usio na taa, asimame amuulize jina mwenye nyayo? La. Akimbie, apige ukelele, abishe mlango wa kwanza atakaoukuta. Hamdai mtu yule chochote, hata akija kujulikana kesho kuwa alikuwa mwalimu wa madrasa anayekwenda kwake. Kumdhania mtu ubaya kwa muda wa kufika nyumbani si dhulma. Kinachodaiwa na khofu ya mnyonge ni usalama, na mgeni mwema akiitambua khofu hiyo hupunguza mwendo, akavuka upande wa pili wa njia, au akakohoa na kusalimu kwa mbali. Hiyo pia ni hodi.

Hali ya watu hamsini mbele ya mmoja ni nyengine. Wale hamsini husema kuwa wameogopa, na baadaye mbele ya hakimu wakili wao atasema hivyo hivyo. Lakini khofu haikai katika kifua cha mtu aliyezungukwa na wenziwe na jiwe li mkononi. Imeshaondoka, na iliyobaki mahali pake ni hasira iliyoazima nguo zake. Mtu mmoja gizani hana nafasi ya kuuliza. Umati una nafasi yote. Unaweza kumweka aliyedhaniwa chini ya mwembe, ukamtuma mtoto amwite sheha, ukangoja. Kadiri nguvu za mwenye khofu zinavyozidi, ndivyo deni lake la kuuliza linavyokua, na anayelikana deni hilo hatetewi na usiku aliokesha jana. Ni mauaji, hata yakifanywa na watu waliokosa usingizi.

Tena nyayo za nyuma husikiwa na watu wa pande zote mbili. Watu wenye ualbino waliitwa zeruzeru na majina mengine ya kuwafanya mizuka, na watoto waliambiwa kwamba watu hao hawafi, bali hutoweka. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, Tanzania bara, hasa mikoa ya kanda ya ziwa, walianza kuwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao. Wale waliosingiziwa kuwa ni vitisho ndio waliolazimika kulala milango imekazwa, wakiisikiliza njia. Mzuka gani huyo anayetetemeka ndani ya chumba chake? Mwaka 2008 mwanamke mwenye ualbino, Al-Shaymaa Kwegyir, aliteuliwa kuwa mbunge. Jina lake likawa linaitwa kwa sauti ndani ya Bunge, naye akaitika, na waliozoea kuwataja wenzake kwa lile jina moja la kejeli wakalazimika kujifunza kumtaja kama anavyotajwa mtu.

Mgeni hana kipaji cha kuzijua ada za kila kizingiti. Huenda akagonga mahali pa kuita, akaingia mtaani saa ya magharibi ambayo watoto huingizwa ndani, akauliza njia kwa lafudhi inayowafanya watu watazamane. Na hata akiulizwa, huenda asijibu. Ugonjwa humziba mtu mdomo, lugha humziba, na khofu pia humziba, maana aliyezungukwa na umati ana jinamizi lake kifuani, ukelele hautoki. Kumuuliza mara moja kisha kuhesabu kimya chake kuwa ni kukiri ni kutomuuliza.

Mafundi wa kilinge wanalijua hili. Pepo wengi hawasemi usiku wa kwanza. Hutikisa kichwa cha mwele, huguna, hulia, na jina halitoki. Fundi hakasiriki. Hubadilisha ngoma, kwani pengine iliyopigwa si ya kwao. Huongeza udi katika chetezo, akamsemesha kwa upole, akamwita bwana au bibi. Kukicha bado yu kimya, watu hunywa kahawa, wakaenda kazini na majumbani kwao, na jioni wakarudi kumuuliza tena.